Mtoto wa P6 hadi S2 ni mtoto mmoja. Kwa nini mtaala wetu unamkata katikati?

Mwalimu_Walukuba

Salaam wanajukwaa. Nafundisha Kiswahili S1 na S2, miaka miwili ya kwanza ya sekondari, katika shule ya kutwa hapa Jinja. Kila matokeo ya UNEB, baraza letu la mitihani, yakitoka tunabishana juu ya mtaala kwa wiki mbili, kisha kimya mpaka mwaka mwingine. Sasa hivi hakuna matokeo yanayotutia presha, kwa hiyo naomba tulijadili jambo hili taratibu.

Hoja yangu ni kwamba mtoto wa miaka 10 hadi 14 hana mtaala wake hapa Uganda. P6 na P7, miaka miwili ya mwisho ya msingi, zimepangwa kwa ajili ya PLE, mtihani wa kumaliza msingi. S1 na S2 zimepangwa kwa ajili ya kufika UCE, mtihani wa mwisho wa S4. Miaka hiyo minne ndiyo anayobadilika mwili, sauti, marafiki na namna ya kufikiri, na haijapangwa kama safari moja.

Tazameni huo mpito. Mwanzoni mwa Novemba anakaa PLE: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na SST (maarifa ya jamii). Masomo manne, na mwaka mzima amekuwa akifanya karatasi za majaribio mpaka anaziota. Miezi michache baadaye anaripoti S1 na kukuta masomo 12: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Bayolojia, Jiografia, Historia na Elimu ya Siasa, Dini, Elimu ya Viungo, Ujasiriamali, Kiswahili, na moja la kuchagua. Mtoto aliyekuwa na mwalimu anayejua kuwa mama yake anauza samaki Masese sasa yuko mbele ya walimu wanaopishana mlangoni kutwa nzima, na baadhi yao hadi muhula unaisha bado wanamwita "wewe wa nyuma".

Mwaka 1993 mtafiti wa Marekani Jacquelynne Eccles na wenzake waliandika juu ya mpito wa namna hii kwao. Walichoeleza ndicho ninachokiona darasani kwangu. Mtoto anafika umri wa kutaka asikilizwe, na shule ndiyo kwanza inaongeza amri. Anafika umri wa kuona haya kupita kiasi mbele ya wenzake, nasi ndipo tunambandika ukutani kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho. Anahitaji mtu mzima asiye mzazi wake wa kumsemea ya moyoni, nasi tunamwondolea mwalimu aliyekuwa anamjua. Hitimisho lao ni kwamba watoto wa umri huu wanapopoteza hamu ya kusoma, tusiilaumu balehe peke yake. Shule yenyewe hailingani na umri wao.

Nina mapendekezo, lakini kwanza nataka kusikia walimu wa msingi na wazazi. Karibuni.

Mama_Malaba

Mwalimu, ahsante kwa kulileta hili. Mimi niko mpakani, dada yangu ameolewa upande wa Kenya, kwa hiyo naona mifumo miwili kila wikendi. Mwanangu yuko P7 na mwana wa dada yuko darasa lao la saba, ile wanaita Junior School. Wenzetu waliiacha 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), na Januari 2023 wakaanza darasa la saba la mfumo mpya, miaka mitatu ya kati yenye jina lake. Mwana wa dada hana mtihani wa kufa na kupona mwaka huu. Wangu ananiamsha saa kumi na nusu alfajiri kwenda "prep", anarudi saa moja usiku, chakula anakula akisinzia. Wote wawili wana miaka 12.

Swali langu: kwa nini sisi tusichukue tu mfumo wa Kenya?

Mwalimu_Walukuba

@Mama_Malaba, tuchukue funzo, tusichukue mfumo wote. Wenzetu waliianza ngazi hiyo kwa haraka. Serikali ikaamua darasa la saba libaki ndani ya shule za msingi, na walimu wake wamekuwa wakilalamika kuwa chini ya wakuu wa shule za msingi. Masomo nayo yalikuwa mengi mno, ikabidi wayapunguze hadi 9 mwaka 2024. Wamejenga ngazi kwanza, halafu wanatafuta mtoto wa kuipanda anafananaje. Sisi tunaweza kuanza na mtoto hata kabla ya kugusa muundo.

Mzee_wa_Bugembe

Wanangu, ngazi mnayoitafuta tulikuwa nayo. Mimi nilisoma P6, kisha J1 na J2, ndipo nikaingia S1. Junior Secondary. Ilikuwa miaka miwili ya katikati, yenye mtihani wake. Baada ya ripoti ya Tume ya elimu ya Castle ya mwaka 1963 ndipo J1 na J2 zikaanza kufutwa, ikaja P7, na tukabaki na 7-4-2 hii mnayoijua: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya sekondari ya juu.

Nakumbuka mwalimu mmoja alitufundisha masomo matatu, na jioni alikuwa nasi shambani na uwanjani. Alijua nani amevunjika sauti na nani anasumbuliwa kwa kuwa hajavunjika bado. Irudisheni Junior, mambo yatakaa sawa.

Mwalimu_Walukuba

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, vijana wengi humu hawajui kama J1 na J2 zilikuwepo.

Hata hivyo, mzee wangu, uniruhusu niseme neno. Marekani walianzisha shule za namna hiyo tangu 1909. Kufika 1963 msomi wao William Alexander akawaambia wazi kwamba zile shule zimegeuka sekondari ndogo: vipindi vilevile, idara zilezile, ushindani uleule, ila watoto wafupi zaidi. Hapo ndipo likaja vuguvugu la shule za kati, darasa la sita hadi la nane. Kundi dogo la walimu wanashirikiana kufundisha watoto walewale, wanakaa pamoja kupanga, na kila mtoto ana mtu mzima mmoja anayemfuatilia. Hata huko si kila shule iliyobadili jina ilibadili kazi.

Kwa hiyo yule mwalimu wako wa masomo matatu, aliyekuwa nanyi shambani, ndiye ninayemtaka. Akipatikana ndani ya P7 na S1 za leo, nitafurahi vilevile.

Mwalimu_P6_Koboko

Nimesoma kwa makini. Sisi wa msingi huwa tunalaumiwa tu, kwa hiyo nashukuru kuulizwa.

Tatizo la kwanza ambalo watu wa Kampala na Jinja hawalisemi: umri na darasa havilingani. Ukisema "mtoto wa P6 ana miaka 11", mimi katika benchi moja nina wa miaka 11 na wa miaka 15. Wengine wametoka Sudan Kusini au Kongo wakiwa wamepoteza miaka. Wengine walichunga mbuzi kwanza. Yule wa miaka 15 ana ndevu, anaona haya kusoma kwa sauti mbele ya wadogo, basi anachagua kuwa mkorofi. Mtaala unaoangalia darasa tu hautamwona.

La pili ni idadi. Tangu UPE, elimu ya msingi kwa wote, ianze 1997 milango ilifunguka, na ni jambo jema kabisa, sikubali mtu aitukane UPE mbele yangu. Lakini darasa limejaa hadi mlangoni. Unaniambia nimjue kila mtoto. Kwa njia gani?

La tatu, PLE. Mkuu wangu anaulizwa na wilaya una Division 1 ngapi, yaani waliopata daraja la juu kabisa. Haulizwi watoto wangapi wanapenda kusoma.

Nesi_Kasese

Naomba niingilie kwa upande wa mwili, maana naona watu wanataja balehe kisha wanaikimbia.

Msichana anaweza kuanza kubadilika akiwa na miaka 8 na bado ikawa kawaida, mwingine akasubiri hadi 13. Wavulana ni kati ya 9 na 14. Kwa hiyo P5 moja ina watoto waliokwisha anza na wengine ambao bado miaka kadhaa. Somo la mwili likisubiri sekondari limechelewa kwa nusu ya darasa. Lianze P4, kwa lugha ya kawaida, wavulana na wasichana wakiwemo: hedhi ni nini, kwa nini sauti inabadilika, kwa nini jasho linanuka sasa wakati mwaka jana halikunuka.

Najua 2018 wizara ilizindua mwongozo wa elimu ya jinsia na viongozi wa dini wakaupinga. Sitaki kufufua ugomvi ule. Lakini kumwambia binti wa miaka 11 kwamba damu atakayoiona si ugonjwa hakuna dini inayokataza. Baganda walikuwa na ssenga, shangazi mwenye kazi hiyo maalumu. Leo ssenga yuko Dubai au amehamia mjini, na mtoto anaulizia kwa simu ya jirani. Na wavulana? Hao hata zamani wengi waliachwa wajitafutie.

La pili ni usingizi, na hapa nasema kwa herufi kubwa: WATOTO WANACHOKA. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Kuanzia 13 ni saa 8 hadi 10. Tena wakati wa balehe saa ya mwilini inasogea mbele, usingizi wenyewe unachelewa kuja usiku. Bweni linalozima taa saa nne na nusu na kupiga kengele saa kumi alfajiri linampa saa tano na nusu. Mwili unapolala ndipo ubongo unapanga kile ulichosoma mchana. Mzazi analipa ada ya maandalio ya alfajiri ambayo yanafuta ya jana.

Mama_Malaba

Nesi, umenigusa. Leo jioni nampigia mwalimu wa darasa.

Baba_Bombo

Mimi niwe mkweli. Haya yote ni mazuri kuyasoma. Mwanangu yuko S2. Huo mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 ulikuja na maneno mazuri vilevile: umahiri, miradi, mtoto afikiri. Kilichonifikia mimi nyumbani ni orodha ya kununua. Sabuni ya maji, shanga, manila, gundi, kuchapisha rangi. Kila somo lina mradi wake, na nimekuta jirani analipa kijana wa duka la vifaa amtengenezee mtoto mradi mzima. Halafu zile alama za shuleni zinaingia kwenye UCE, asilimia 20. Mtoto wa tajiri ananunua asilimia 20, wangu anatafuta maboksi Kisenyi.

Ndiyo maana wazazi tunashikilia mtihani. Mtihani tunaujua. Ukumbi mmoja, karatasi moja, kalamu moja.

Mwalimu_Walukuba

@Baba_Bombo, malalamiko yako ni ya haki, na ndiyo yaliyonifanya nibadili kazi yangu. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Shuleni kwetu walimu wanne wa S1 tulikubaliana: mradi mmoja kwa muhula, wa masomo manne kwa pamoja, na hakuna kitu cha kununua. Swali tuliwaachia watoto walete. Yalikuja mengi, mengine ya mpira, lakini lililowashika wengi lilitoka kwa binti wa Masese: kwa nini kwao wanachemsha maji na bado mdogo wake anaharisha?

Mwalimu wa Bayolojia akachukua vijidudu na namna maji safi yanavyochafuka tena ndani ya mtungi. Mwalimu wa Hisabati akawapa kazi ya kuhesabu kila nyumba inatumia mitungi mingapi kwa siku na kuchora grafu. Jiografia ikawa ramani ya mtaa kwa mkono: chemchemi, vyoo, mitaro, mteremko unaelekea wapi. Mimi nikachukua mahojiano, na Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, ni mahali pake kwa sababu estate ile ilijengewa wafanyakazi wa viwanda waliotoka kila upande, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Watoto wakawahoji wauza maji, wakaandika majibu, wakajifunza kwamba mtu mzima hahojiwi bila "shikamoo" na "samahani".

Yule binti hakuwahi kufungua mdomo darasani kwangu. Siku ya kuwasilisha alisimama na ramani yake ya penseli nyuma ya kalenda ya zamani. Alikuwa amepima kwa hatua kutoka choo cha jirani hadi chemchemi: 18, na choo kiko juu ya mteremko. Kijana mmoja akambishia kwamba maji hayapiti chini ya ardhi namna hiyo. Akamjibu, tena kwa Kiswahili safi, "Basi mvua ikinyesha twende wote tukaangalie yanapotokea." Darasa zima likataka kwenda. Mabishano ya aina hiyo, ya watoto wenyewe kwa wenyewe juu ya kitu kilichopo mtaani kwao, ndiyo umri huu unayotaka. Akili yao imeanza kuweza "ingekuwaje kama", na inahitaji jambo la kweli la kuifanyia kazi.

Gharama: penseli na karatasi zilizotumika upande mmoja. Kazi yote ilifanyika shuleni mchana ule ule, maana mtaala wenyewe uliacha muda wa alasiri baada ya vipindi kwa ajili ya utafiti na michezo, ila shule nyingi zimeujaza vipindi vya ziada. Hakuna kilichopelekwa nyumbani, kwa hiyo hakuna wa kumlipa kijana wa duka. Na tulisahihisha mara moja, walimu wanne tukikaa meza moja, kila mtoto akaona alama zake na sababu zake.

Baba_Bombo

Hapo nimekuelewa. Mradi ukifanyika mbele ya macho ya walimu wanne, ninauamini. Hilo la "kila somo na mradi wake" ndilo liondoke.

Kundi_la_2020

Naomba niseme kama mwanafunzi, samahani wakubwa. Sisi ndio tulioanza S1 Februari 2020, wa kwanza kabisa wa mtaala mpya. Machi shule zikafungwa. Tukaingia na kutoka, hadi Januari 2022 ndipo zilipofunguliwa kweli. Umri huo wote mnaouzungumza, 13, 14, wengi tuliupitia nyumbani, na rafiki zangu wawili hawakurudi, mmoja alikuwa tayari mama. UCE tukafanya 2024.

Nataka kusema kitu kimoja tu. Tuliporudi kila mwalimu alikuwa na haraka ya kufidia mada. Mmoja tu, wa michezo, alitukalisha chini ya mti akauliza, "Mlikuwa wapi?" Tulizungumza kipindi kizima. Baada ya hapo hata akituambia tukimbie kwenye mvua tulikimbia. Mkipanga mtaala, kipindi cha namna hiyo kiwe kwenye ratiba, kisitegemee bahati ya kumpata mwalimu mmoja mwema.

Mwalimu_Walukuba

@Kundi_la_2020, usiombe samahani, wewe ndiye shahidi wetu.

Na hapo unamjibu @Mwalimu_P6_Koboko kuhusu idadi. Mkondo wa S1 wa watoto 80 mtu mmoja hawezi kuujua. Ugawe makundi ya 20, kila kundi lipewe mtu mzima mmoja, hata mkutubi, hata nesi wa shule, na akae nalo S1 na S2 bila kubadilishwa. Kipindi kimoja kwa wiki, kwenye ratiba, hakina mtihani. Wanazungumza, wanapanga wiki, anatazama madaftari. Kwenu P6 ambako walimu ni wachache zaidi, wale wakubwa wa miaka 15 wapewe kazi za heshima ndani ya darasa, wasomee wadogo hadithi badala ya kusomeshwa mbele yao. Anafanya zoezi lilelile la kusoma kwa sauti, ila sasa anasimama kama kaka mkubwa.

PLE siwezi kuiondoa mimi. Lakini hakuna sheria inayosema mtoto wa P7 aamke saa kumi, wala kwamba majina yabandikwe ukutani. Hayo mawili mkuu wa shule anaweza kuyaacha kesho asubuhi.

Mwalimu_P6_Koboko

La hadithi nimelipenda, nitalijaribu. La pili nakuongezea mimi: tunapowatuma watoto sekondari tunatuma namba ya aggregate tu, jumla ya pointi za PLE, na ikiwa kubwa ni mbaya. Mtoto mwenye 28 kwenu ni mzito. Mimi najua ana sikio moja halisikii na anakaa nyuma kwa kuwa ni mrefu. Nani amewaambia?

Mwalimu_Walukuba

Hakuna aliyewahi kutuambia. Nasi tungeshukuru sana. Karatasi moja kwa kila mtoto, ya mwalimu wa P7. Kwa vile wanasambaa shule mbalimbali, mzazi ndiye aibebe siku ya kuripoti.

Mama_Malaba

Nakubali, ila mambo ya nyumbani yasiandikwe. Sitaki shule mpya isome kwamba baba yake alituacha. Mtoto wa umri huu akijua limeandikwa hatainua uso.

Nesi_Kasese

Mama yuko sahihi kabisa. Mwandike yale yanayosaidia darasani: macho, masikio, dawa anazotumia, lugha anayoielewa zaidi, kusoma kwake kukoje bila kumtisha. Na mtoto mwenyewe aisome kabla haijafungwa.

Mwalimu_Walukuba

Naongeza mstari mmoja, aujaze mtoto mwenyewe: kitu ninachokifanya vizuri. Mpira, kusuka nywele, kutengeneza redio, kuhesabu chenji dukani. Mwalimu wa S1 aanzie hapo wiki ya kwanza.

Mwalimu_P6_Koboko

Sawa. Wiki ya baada ya PLE watoto wa P7 huwa bado wanazungukazunguka shuleni bila kazi. Nitakaa na mwenzangu wa P7 tuziandike wakati huo, kila mtoto akiwa amekaa mbele yetu. Mwalimu, nitumie mfano wa hiyo karatasi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, maana baadhi ya wazazi hapa wanasoma Kiswahili tu.

Mwalimu_Walukuba

Ijumaa utaipata hapa hapa kwenye uzi. @Baba_Bombo, nawe naomba uipitie kama mzazi kabla hatujaanza kuitumia.